Siku nne baada ya tovuti kuzimika: kisa cha anime, simu ya Shangazi na pesa za chama

Kisa hiki kilitokea Nairobi, katika mtaa mmoja wa Eastlands, mwanzoni mwa Septemba 2024. Wahusika wakuu wawili walikubali nikiandike. Nimeondoa majina yao, mtaa, chuo na tovuti yenyewe, na nimebadilisha mambo madogo ambayo yangeweza kumtambulisha mtu. Mfuatano wa matukio, pesa zilizopotea na makosa yaliyofanyika, yakiwemo yangu, nimeyaacha kama yalivyokuwa.

Nawaandikia vijana wanaotazama anime, yaani katuni za Kijapani, mtandaoni, na zaidi watu wanaoishi nao nyumba moja. Huku kwetu mazungumzo kuhusu tovuti za uharamia, zile zinazoonyesha filamu bila idhini ya wenyewe, huishia haraka sana: mmoja atasema ni wizi, mwingine atasema ni za bure, shida iko wapi? Kisa hiki kilinionyesha kwamba hatari ilijificha kwingine, katika zile siku chache ambazo mtazamaji anahama kutoka tovuti iliyofungwa kwenda asikokujua.

Usuli

Mwanafunzi ana miaka 19 na anasomea usanifu wa michoro katika chuo kimoja mjini. Anaishi na shangazi yake, dada ya babake, ghorofa ya tatu ya ploti yenye nyumba za chumba na sebule. Shangazi huuza nguo za watoto za mitumba karibu na steji, na kwa miaka sita amekuwa mweka hazina wa chama cha michango cha akina mama 14. Mimi nina saiba upande wa pili wa barabara. Nachapisha, naskani, nawasaidia watu na fomu za eCitizen, na simu zikisumbua huletwa kwangu.

Mwanafunzi alianza anime akiwa shule ya msingi, kwa flashi zilizojazwa katika duka la filamu la mtaani. Kufikia 2024 alikuwa akifuatilia mifululizo tisa kwa wakati mmoja, yote kwenye tovuti moja ya uharamia. Ukimuuliza kwa nini, hakupi hotuba. Ni bure, kila kitu kiko chini ya paa moja, na sehemu mpya haikawii. Hilo la mwisho lina uzito kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Japani iko mbele yetu kwa saa sita, na anime nyingi huonyeshwa huko usiku wa manane. Kinachorushwa Tokyo saa sita usiku, hapa ni saa kumi na mbili jioni. Akimaliza kuosha vyombo, sehemu ya wiki imeshapakiwa ikiwa na manukuu ya Kiingereza, na kundi lao la WhatsApp la chuoni limeshaanza kuijadili. Asiyetazama jioni hiyo huamkia mwisho wa hadithi umeshasemwa.

Nyumbani kulikuwa na simu mbili. Yake ilikuwa na kioo kilichopasuka na nafasi iliyojaa. Ya Shangazi ilikuwa kubwa na yenye kioo safi, ila Android yake ilikuwa ya zamani, na ndani yake kulikuwa na laini yenye M-Pesa, WhatsApp ya chama na picha za miaka. Jioni Shangazi akiwa jikoni, mwanafunzi aliitumia kutazama. Ilikuwa ruhusa ya kimyakimya, kama ya kuazima kanga. Hakuna aliyewahi kuizungumzia.

Tovuti inapokufa, jina lake halifi

Tovuti za uharamia za anime huondoka ghafla. KissAnime, iliyokuwa miongoni mwa kubwa zaidi wakati wake, ilifungwa Agosti 2020. Mwisho wa Agosti 2024 ilizimika Aniwave, ile iliyojulikana kwa miaka mingi kama 9anime, siku zilezile ambapo ACE, muungano wa makampuni ya filamu unaopambana na uharamia, ulitangaza kwamba tovuti ya filamu ya Fmovies imefungwa kwa ushirikiano na polisi wa Hanoi, Vietnam. Tovuti aliyoizoea mwanafunzi ilikuwa kati ya zilizopotea majira hayo.

Kinachofuata hapo ndicho watu wengi hawakijui. Tovuti ya namna hii mara nyingi haihifadhi video. Ni rafu tu: inaonyesha picha na majina, kisha inachomeka kichezeshi kinachovuta video kutoka seva za watu wengine. Mali yake halisi ni jina. Mamilioni ya watu wamezoea kuliandika kwenye Google, na wataendelea kuliandika wiki nzima baada ya tovuti kufa. Mtu yeyote anaweza kusajili jina hilohilo likiwa na mwisho tofauti, akanakili nembo na rangi, akakaa akisubiri hao wanaotafuta. Hana haja ya kuwa na video hata moja. Anachouza ni mibofyo yao, na wanunuzi ni mitandao ya matangazo ambayo kampuni zinazojiheshimu haziikaribii.

Kwa hiyo tovuti ya awali, pamoja na uharamia wake, ilikuwa na sababu ya kutomuudhi mtazamaji: ilitaka arudi kesho. Kigushi chake kinajua huyu mtu atapita mara moja tu, hivyo kinamkamua hapohapo.

Yaliyotokea, siku kwa siku

Jumatano jioni tovuti haikufunguka. Mwanafunzi alidhani ni waifai ya ploti, akazima na kuwasha. Baadaye kundi la chuoni likajaa vilio na viungo vya kila aina, kila mmoja akidai hiki ndicho kipya. Simu yake ikakataa kufungua hata kimoja kwa sababu ya nafasi.

Alhamisi jioni akachukua simu ya Shangazi. Aliandika jina la tovuti na kuchagua tokeo lenye nembo ileile. Ukurasa ukafunguka, ukamwambia abonyeze "Ruhusu" kuthibitisha kwamba yeye si roboti. Akabonyeza. Video ikacheza dakika tatu, ikasimama, ikamtaka asakinishe kichezeshi maalumu. Hapo alikataa. Aliwahi kusikia kwamba programu za nje ya Play Store ni hatari, akafunga ukurasa na kurudisha simu mezani. Nataka msomaji alione hili, kwa sababu baadaye alilaumiwa kana kwamba hakuwa na tahadhari yoyote. Tahadhari alikuwa nayo, ila aliyoifahamu ilikuwa ya mlango mmoja, naye alikuwa ameshafungua mwingine.

Kile kitufe cha "Ruhusu" hakikuhusu roboti. Kilikuwa ruhusa ya kivinjari ya kutuma arifa. Ukishaitoa, tovuti inaweza kukutumia ujumbe saa yoyote, hata ukiwa umefunga ukurasa, na ujumbe huo hutokea pale juu ya kioo panapotokea ujumbe wa kawaida wa simu. Usiku huohuo zikaanza: "Simu yako ina virusi 5. Safisha sasa." Moja ilikuwa na alama inayofanana na ya WhatsApp.

Ijumaa, Shangazi akiwa kibandani, aliona arifa hizo. Hakuwa ametembelea tovuti yoyote, hivyo kwake huo ulikuwa ujumbe wa simu yenyewe. Alibonyeza, akapelekwa kupakua programu ya kusafisha. Simu ilimwonya kwa Kiingereza, alibonyeza kuendelea. Programu ikaomba kusoma na kutuma SMS, kisha ikaomba ufikivu, ile ruhusa iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, kama wasioona vizuri, ambayo huiwezesha programu kusoma kilicho kwenye kioo na kubonyeza vitufe kwa niaba ya mwenye simu. Akatoa zote. Alikuwa akimhudumia mteja.

Jioni alimuuliza mwanafunzi, "Hii simu imeanza kunisumbua. Uliifanyia nini?"

"Sijaifanyia kitu, Anti."

Jumamosi kredo zikaanza kuyeyuka. Alijaza shilingi 50, zikaisha kabla ya kupiga simu. Ile programu ilikuwa ikituma SMS kwenye namba fupi za huduma za kulipia. Mwanafunzi aliziona arifa, akaelewa zilikotoka, akaogopa. Alifuta historia ya kivinjari. Kufuta historia hakuondoi ruhusa ya arifa, na hakukugusa programu iliyosakinishwa. Kuliondoa kitu kimoja tu: ushahidi ambao ungetusaidia kujua mapema kilichotokea.

Jumapili alasiri, Shangazi akitoka kanisani, WhatsApp yake ilijifunga yenyewe. Mtu alikuwa ameisajili namba yake kwenye simu nyingine, na ule msimbo wa tarakimu sita uliotumwa kwa SMS ulisomwa na programu kabla yeye hajauona. Aliyeingia hakupata mazungumzo ya zamani, lakini makundi hubaki na akaunti, na humo alikuta namba za wanachama wote. Aliwaandikia mmoja mmoja: mweka hazina amekwama hospitalini, M-Pesa yake imefungwa, naomba 3,000 kwa namba hii, nitarudisha jioni. Mama mmoja alituma 3,000. Mwingine akatuma 2,000, ndizo alizokuwa nazo. Wa tatu alipiga simu ya kawaida kuuliza mgonjwa ni nani.

Saa kumi na moja jioni walikuwa wamesimama mlangoni pa saiba yangu. Shangazi alikuwa na daftari la chama kifuani. Mwanafunzi alikuwa nyuma yake, hasemi.

Maamuzi ya jioni ile

Jambo la kwanza lilikuwa kuitoa laini kwenye simu ile na kuitia kwenye kabambe yangu, simu ndogo ya vitufe. Nilifanya hivyo kabla ya kuuliza swali lolote. Sababu ni moja: nguvu yote ya programu ile ilitokana na kusoma SMS. Kabambe haina programu za kusakinisha, kwa hiyo msimbo wowote ambao ungekuja baada ya hapo ungesomwa na sisi peke yetu. Kwenye kabambe hiyohiyo Shangazi alibadilisha PIN ya M-Pesa.

La pili lilikuwa kuwapigia akina mama wa chama kwa sauti. Shangazi alitaka kwanza akaunti irudi ndipo awaandikie mwenyewe, aliona aibu. Nilimsihi asisubiri, na mwenyekiti akakubali kutuma SMS ya kawaida kwa wote. Yule aliyetuma 3,000 alielekezwa kupeleka ujumbe wa muamala kwa 456 aombe pesa zirudishwe. Alifanya hivyo chini ya nusu saa baada ya kutuma, na pesa zikazuiwa. Aliyetuma 2,000 alikuwa safarini kuja kutoka Murang'a, simu imezima. Alijua Jumatatu asubuhi. Pesa zilikuwa zimeshatolewa.

La tatu lilikuwa WhatsApp. Tuliisajili upya kwenye simu yangu ya akiba, msimbo ukaja kwenye kabambe, na pale tulipouingiza yule mtu alitolewa nje. Lakini alikuwa ameweka PIN ya uthibitishaji wa hatua mbili, ambayo Shangazi hakuwahi kuiweka. Bila PIN hiyo, akaunti husubiri siku saba. Shangazi aliuliza kama kuna njia ya mkato. Watu mtaani wangemuuzia moja, na ingekuwa utapeli wa pili. Tukasubiri siku saba.

Ni hapo tu nilipomgeukia mwanafunzi. Nilimwomba Shangazi aende akae kwenye kiti cha nje, nikamwambia kijana kwamba sitafuti wa kulaumu, nataka kujua simu ilipita wapi. Alisimulia yote kwa dakika tano. Swali lake la kwanza baada ya hapo lilikuwa, "Fundi, nitakamatwa?"

La nne lilikuwa simu yenyewe, na hapa nilikosea. Niliamua kuifuta yote na kuirudisha ilivyotoka dukani, kwa sababu programu iliyokuwa na ufikivu kwa siku mbili siwezi kuahidi kwamba nimeing'oa na mizizi. Uamuzi huo bado nautetea. Kosa langu lilikuwa haraka. Nilinakili picha za kamera kwenye kompyuta, nikaliacha folda la WhatsApp. Humo ndimo Shangazi alimokuwa akihifadhi picha za kurasa za michango ya miezi minane, kwa kuwa daftari alilolileta lilikuwa jipya. Ilitubidi tuombe taarifa ya M-Pesa na kujenga upya hesabu mstari kwa mstari, jioni tatu nzima, na michango iliyotolewa kwa pesa taslimu ikategemea kumbukumbu za akina mama. Walikuwa wema. Wangeweza kutokuwa.

Jumatatu waliripoti polisi, wakapewa namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo.

Kutafuta pa kutazama

Shangazi alitaka anime ikome. Nilimwambia kwamba kijana wa miaka 19 aliyekatazwa nyumbani atatazama kwa simu ya mtu mwingine, na kesho tutakuwa na shangazi wa jirani mlangoni. Tukakubaliana Jumamosi iliyofuata mimi na mwanafunzi tuketi na orodha yake ya tisa, tuangalie ipi inapatikana kihalali ukiwa Kenya.

Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima na ndiyo sehemu niliyojifunza zaidi. Haki za kuonyesha anime huuzwa eneo kwa eneo. Mfululizo mmoja unaweza kuwa na mwenye leseni Marekani, mwingine Asia ya Kusini-Mashariki, na kwetu usiwe na yeyote. Kuna chaneli za YouTube kama Muse Asia na Ani-One Asia zinazoonyesha anime mpya bure na kwa leseni kamili, lakini leseni hiyo ni ya nchi za Asia. Ukiifungua video ukiwa Nairobi unaambiwa haipatikani nchini mwako. Mwanafunzi aliumia kuliko alivyoumia kwa tovuti kufungwa. "Kwa hiyo wanajua kuitoa bure," alisema, "ila si kwetu."

Netflix iko Kenya tangu Januari 2016, na kati ya 2021 na Novemba 2023 ilikuwa hata na mpango wa bure wa simu hapa kwetu, ambao ndio uliompa anime zake za kwanza zenye picha safi. Crunchyroll, huduma ya kutazama anime, nayo inafunguka hapa. Ilianza 2006 ikiwa mahali pa mashabiki kupakia video bila idhini, na ikaanza kuonyesha kwa leseni kutoka Japani mnamo 2009. Leo ni mali ya Sony. Hadi 2022 ungeweza kutazama sehemu mpya bure ukivumilia matangazo na kusubiri wiki moja. Mlango huo ulipofungwa kwa vipindi vipya, wengi wa rika lake walirudi uharamiani, na siwezi kusema sielewi.

Kati ya tisa, tano zilipatikana katika huduma hizo mbili. Nne hazikuwa popote.

Kwa zile tano tulipanga hivi. Anime nyingi hutoka kwa misimu ya miezi mitatu inayoanza Januari, Aprili, Julai na Oktoba, na msimu una sehemu 12 au 13. Badala ya kulipa miezi yote, atalipa mwezi mmoja msimu unapokaribia kuisha, atazame mfululizo wote, kisha asitishe. Mwezi atakaoulipa tena atachagua ile huduma nyingine. Hana kadi ya benki, hivyo alitumia kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanza 2022, kwa laini yake mwenyewe, na kuacha salio dogo tu humo ili malipo ya kujirudia yasimshtue. Vipindi atavipakulia saibani kwangu avitazame nyumbani bila bando. Kwa ubora wa kawaida, Netflix hukadiria hadi GB 1 kwa saa, kwa hiyo sehemu ya dakika 24 haifiki nusu GB. Kwa ubora wa juu hesabu ni hadi GB 3 kwa saa, na kwenye kioo cha simu yake haoni tofauti.

Kwa zile nne zilizobaki tulipata nusu ya jibu. MANGA Plus, programu ya mchapishaji wa Kijapani Shueisha iliyoanza 2019, hutoa bure sura za kwanza na za karibuni za manga zake, yaani hadithi za vitabu vya picha, na inafanya kazi Kenya. Mbili kati ya nne zilikuwa humo kama vitabu vya picha. Mbili nyingine hazikuwepo kabisa. Aliniuliza afanye nini nazo. Nilimwambia msimamo wangu: sitampa tovuti, wala sitamdanganya kwamba kuna njia halali ambayo haipo.

Matokeo

Akaunti ya WhatsApp ilirudi siku ya saba na ikawekwa PIN ya hatua mbili siku hiyohiyo. Shilingi 3,000 zilirudi baada ya siku tatu. Shilingi 2,000 hazikurudi. Kredo zilizokwenda tulizikadiria kuwa shilingi 340. Simu ya Shangazi sasa ina namba ya siri anayoijua peke yake. Simu ya mwanafunzi ilipata kioo cha bei nafuu, na nafasi ilipatikana tulipofuta video za miaka mitatu. Chama kilikubaliana kwamba ombi lolote la pesa kwa maandishi, hata likitoka kwa mwenyekiti, hujibiwa kwa simu ya sauti kwanza. Yule mama wa tatu, aliyepiga kuuliza mgonjwa ni nani, ndiye aliyeitoa hoja hiyo.

Mwanafunzi ameshalipia miezi miwili kwa mpango wake, Desemba na Machi. Kuhusu zile mbili zisizopatikana, moja aliiacha. Nyingine aliitazama kwa simu ya rafiki, na aliniambia mwenyewe bila kuulizwa.

Uchambuzi

Ukiirudisha nyuma ile wiki, kuna dakika moja ambayo ingemaliza yote. Alhamisi usiku tatizo lilikuwa ruhusa ya arifa tu. Hakukuwa na virusi, hakukuwa na programu. Kuiondoa ni kufungua Chrome, kuingia Mipangilio, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa, na kuzima tovuti ile. Mtu akiketi na kijana wake leo na kuangalia orodha hiyo kwenye simu zote za nyumba, atashangaa atakachokikuta. Mimi nimefanya hivyo kwa simu za wateja tangu wakati ule, na simu isiyo na hata tovuti moja ngeni ni nadra.

Dakika ile ilipopita, kilichochelewesha msaada ni hofu. Mwanafunzi alijua Jumamosi, akanyamaza hadi Jumapili jioni, kwa sababu aliamini mambo mawili: kwamba kutazama tovuti ya uharamia kutamfunga jela, na kwamba Shangazi atamfukuza. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, hata baada ya marekebisho ya 2019, imeelekeza makali yake kwa wanaonakili, kuuza na kusambaza. Sisemi hivyo ili kumpa mtu ruhusa. Kazi za watu ni kazi za watu. Nasema kwa sababu tishio lililokuzwa lilimfanya afiche jambo ambalo mkubwa yeyote angelitatua. Tunapowatisha vijana kuhusu uharamia, tunawafundisha kunyamaza siku ambayo tunahitaji waseme.

Kilichofaulu ni mpangilio: laini kwanza, sauti pili, akaunti tatu, simu mwisho. Wengi huanza na simu, wakihangaika kuondoa programu huku misimbo ikiendelea kuingia na watu wakiendelea kutuma pesa. Tofauti kati ya zile 3,000 zilizorudi na 2,000 zilizopotea ilikuwa nani alifikiwa Jumapili na nani alifikiwa Jumatatu. Kilichofeli kwa upande wangu nimeshakisema. Sasa nina karatasi ukutani yenye folda za kunakili kabla ya kufuta simu ya mtu, na ya WhatsApp ndiyo ya kwanza.

Kuhusu kuhamia huduma halali, sidhani kwamba hofu ndiyo iliyombadilisha. Hofu ilidumu wiki mbili. Kilichodumu kilitokana na mazungumzo mengine tuliyofanya tukipakua vipindi. Shangazi alikuwa ameuliza, kwa haki kabisa, hao Wajapani wanapoteza nini mtoto wa Eastlands akitazama bure. Nikamweleza mwanafunzi kwamba anime nyingi hufadhiliwa na kamati ya makampuni, kwamba studio inayochora mara nyingi hulipwa ujira wa kazi huku faida ikienda kwa kamati, na kwamba mwaka 2023 zaidi ya nusu ya mapato ya sekta nzima yalitoka nje ya Japani, kwa watazamaji kama yeye. Alisikiliza, kisha akanionyesha bango alilomchorea rafiki yake mwenye saluni, ambalo saluni nyingine tatu zilikuwa zimelinakili na kubadilisha jina. Hakuna aliyemlipa. Hatukuhitaji kuendelea.

Imebaki hoja ya nani alipaswa kulipa zile 2,000. Chama kiligawanyika. Wapo waliosema ni mwanafunzi, aliyebonyeza "Ruhusu". Wapo waliosema ni Shangazi, aliyesakinisha. Kwangu mimi, kosa la Shangazi la Ijumaa lilizaliwa na kutoambiwa simu ilipita wapi Alhamisi, lakini kutoambiwa huko nako kulizaliwa na nyumba ambamo kuazima simu hakukuwahi kuzungumzwa. Shangazi alimaliza ubishi kwa kumlipa yule mama wa Murang'a siku hiyohiyo kutoka mfukoni mwake, mbele ya chama chote, bila kumtaja mpwa wake. Walipofika nyumbani walikubaliana wao wawili: shilingi 200 kila mwezi, kutoka kwa pesa anazopata akisuka nywele wikendi. Hupita saibani kila mwisho wa mwezi kunionyesha ujumbe wa M-Pesa kabla ya kupanda ngazi. Amelipa awamu saba. Zimebaki tatu.